Mdomo wa Kuazima

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kidole gumba cha Anti Tryphena. Kila alipoinua kitabu changu ili wateja wa soko la Voi wakione, kidole kile kilikaa palepale, juu ya jina langu. Sidhani alikusudia. Ana mikono mikubwa ya kubeba ndizi, na kitabu chenyewe ni chembamba kama kitabu cha nyimbo. Lakini mtu aliyesimama mbele ya kibanda chetu aliona picha ya kilima, akaona neno Kengele, kisha akaona uso wa Anti ukicheka. Mimi nilikuwa nyuma, nimeinamia debe la avokado, nikitenga zilizoiva na zisizoiva, ingawa nilikuwa nimeshazitenga.

"Karibu mama, karibu! Ndizi za Mbololo, avokado za Ronge, na kitabu!"

"Kitabu cha nini tena?"

"Cha hadithi. Kimeandikwa na huyu msichana wangu hapa. Wakesho, simama watu wakuone."

Nikasimama.

"Huyu? Haki ameandika huyu?"

"Ameandika! Na usidhani amesoma. Huyu hata darasa la nane hakufika. Alikataa shule, mama, akakataa kabisa. Nilimpiga, nikambembeleza, nikamwombea, wapi! Kichwa kizito kama jiwe la kusagia. Sasa tazama kazi ya Mungu. Si ndiyo, Wakesho?"

"Ndiyo, Anti."

Yule mama akatikisa kichwa kwa mshangao, akanunua. Wengi walinunua hivyo. Hawakuwa wakinunua hadithi zangu, walikuwa wakinunua ile ajabu: msichana aliyekataa shule akaandika kitabu.

Tatizo ni kwamba sikukataa shule. Na kitabu alichokuwa ameshika Anti kilisema hivyo waziwazi, kuanzia ukurasa wa katikati hadi mwisho. Hakujua, kwa sababu hakuwa amekisoma.

Mimi si mtu wa kuongea. Kanisani nikipewa zamu ya kusoma somo, hubadilishana na mtu, yeye asome, mimi nifagie. Kuandika ni jambo lingine. Nilianza kuandika kwenye simu nikiwa nimemkalia Nyanya kumtunza, maana mtu aliyepooza hulala sana mchana na huwezi kumwacha peke yake. Niliweka hadithi zangu Facebook kwa jina lisilo langu, watu wakawa wananidai sehemu inayofuata. Nyanya alipofariki, nikaenda kwa Austin, kijana mwenye saiba, kiduka cha kompyuta na kuchapisha, karibu na stendi ya Voi, nikamwomba anitolee zile hadithi kwenye karatasi nizihifadhi tu. Alisoma ya kwanza akiwa amesimama. Ya pili akavuta kiti.

"Hiki ni kitabu," akasema.

"Ni hadithi tu."

"Nakwambia ni kitabu. Nitakupangia vizuri, nikuwekee na jalada. Lakini kukiuza ni kazi yako. Utaingia TikTok, utaenda live, utaenda redio wakuhoji..."

"Siwezi."

"Basi utasimama hapo stendi uwaambie watu."

"Austin, siwezi."

Akaniangalia vile anavyoiangalia printa yake ikikwama. "Sasa sikiza, Wakesho. Kama huna mdomo, azima wa mwingine. Hakuna mtu unayemjua anayeongea sana?"

Nilikuwa namjua. Mbololo yote inamjua.

Anti Tryphena ni dada ya baba. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, baba akaenda Taveta kutafuta kazi, akapata kazi na mke, akabaki hukohuko. Anti akanichukua. Nilikula sahani moja na mwanawe Mark, na nikiumwa alinibeba mgongoni mwenyewe hadi zahanati. Nasema haya ili mtu asimwone vibaya kabla sijamaliza.

Nilikuwa darasa la sita Nyanya alipopooza upande mmoja. Anti alikuwa na kibanda chake sokoni, Mark alikuwa sekondari, na mtu wa kuajiri hatukuwa na uwezo wa kumweka. Asubuhi moja nilikuwa nimeshavaa yunifomu. Anti akaniambia niivue, nimkalie Nyanya mpaka apate nafuu. Nyanya hakupata nafuu. Shule yetu iko ng'ambo ya bonde, na kengele ya saa mbili niliisikia kila siku nikimlisha uji.

Baadaye naibu wa chifu akaja, maana serikali ilikuwa imewakalia vibaya wazazi wanaoficha watoto nyumbani. Alisimama uani na kofia yake. Anti akaingiwa na hofu. "Mtoto amekataa shule, bwana," akasema. "Mimi nifanye nini? Si ndiyo, Wakesho?" Nikawaza, wakimchukua Anti, nani atanisaidia kumgeuza Nyanya kitandani? Nikasema ndiyo. Yule bwana akanikemea mimi, akanionyesha kidole, akaenda zake.

Baada ya hapo neno hilo halikuondoka tena. Anti aliwaambia majirani, akawaambia kanisani, akawaambia wageni wa matanga. Kila mara alimalizia vilevile, si ndiyo Wakesho, na kila mara nilimjibu. Nadhani kadiri miaka ilivyokwenda, akaliamini mwenyewe. Nikimtazama akilisema leo, sioni mtu anayedanganya.

Hadithi ndefu kuliko zote kitabuni, ile iliyokipa jina la Kengele ya Saa Mbili, ni hiyo. Nilibadilisha majina. Mimi nikawa Mghoi, Anti nikamfanya mama wa kambo, nyumba nikaihamishia Ronge. Mengine niliyaacha yalivyo. Siku Austin alipotoa nakala za kwanza, nilimpelekea Anti yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilitaka aisome. Nilidhani nikishaandika sitahitaji kusema.

Anti akakishika kitabu kwa mikono miwili, akakibusu, akalia machozi ya kweli.

"Nitakisoma Krismasi, miwani ikishatengenezwa. Na hii kengele ni ya kanisa, eh?"

"Ni kengele, Anti."

"Najua ni ya kanisa. Umefanya vizuri kumtanguliza Mungu."

Krismasi ikaja ikapita. Miwani ikatengenezwa, ikavunjika tena. Lakini keshoye tu baada ya kupokea nakala yake, Anti alikuwa ameshabeba boksi zima sokoni, juu ya ndizi.

Anauza, lazima niseme. Siku moja alinichukua hadi Miasenyi, pale madereva wa malori wanapoteremka kula nyama na kunyoosha miguu. Mimi nilishika beseni la machungwa nikajificha nyuma yake, yeye akaenda meza kwa meza.

"Alikataa shule ndiyo anatunga vitabu?" dereva mmoja akacheka, mafuta ya nyama yakimteremka kidevuni. "Mimi nilisoma mpaka fomu foo na bado naendesha lori. Walimu walinipotezea wakati!"

"Ungekataa na wewe!" mwenzake akamwambia. "Saa hii ungekuwa waziri."

Wakaangua kicheko meza nzima, Anti akicheka kuwashinda. "Lakini kwa huyu ilikuwa ukaidi tu," akasema. "Si ndiyo, Wakesho?"

"Ndiyo, Anti."

Walinunua na machungwa pia. Tukirudi, Anti alikuwa akiimba. Mimi niliangalia nje, nikawaza wale madereva wakifungua kitabu huko Mtito au Mariakani, wakisubiri kupima mzigo, wakifika pale Mghoi anapovua yunifomu. Kila aliyenunua kitabu alikuwa mtu mwingine anayeweza kurudi na kumwambia Anti kilichomo. Nikimzuia asikiuze, kitabu kitakaa chini ya kitanda kiliwe na mchwa, maana mimi sitamwuzia mtu. Nikimwacha aendelee, yeye ndiye anayewapa watu kitabu kinachomsema. Na jioni tunarudi nyumba moja, tunakula sufuria moja, nalala chumba alichokuwa analala Nyanya. Sina kwingine kwa kwenda.

Nilijaribu kujiokoa kijinga. Nilifunga boksi lililobaki kwa gunia nikalisukuma nyuma ya mahindi stoo, nikamwambia Anti vitabu vimekwisha. Alifurahi mno. Akampigia Austin simu palepale, atoe vingine.

Ndipo Milka akaja sokoni. Milka tuliketi naye dawati moja, na siku hizi anafundisha chekechea hapo Voi. Alikuwa amenunua kitabu kwa Anti wiki iliyotangulia. Alisubiri mpaka Anti alipokwenda kununua chai, akaniinamia juu ya ndizi.

"Nimekimaliza."

"Asante."

"Usiniambie asante. Mghoi ni wewe."

"Ni hadithi tu, Milka."

"Wee! Mimi ndiye niliyekuletea daftari zako nyumbani ukakataa kutoka nje kunisalimia. Nilidhani umenikasirikia." Akatazama alikokwenda Anti. "Anti yako amekisoma?"

"Bado."

"Na anakiuza?" Akaziba mdomo, nikaona anajizuia kucheka na kulia kwa pamoja. "Wakesho, wewe ni mjanja ama ni mwoga?"

Nikageuza ndizi zilizokuwa mbele yangu. Milka akaacha kucheka.

"Mwambie wewe mwenyewe. Usingoje asomewe na mtu asiyekupenda. Kuna wanawake hapa sokoni wanatafuta tu kitu cha kumpigia Tryphena, na umewapa."

"Nitamwambia nini?"

"Si umeshaandika? Sema ulichoandika."

Anti akarudi na vikombe vya chai. "Mnasengenya nani?"

"Wewe, Anti," Milka akasema. "Tunasema una mdomo wa kuuza maji mtoni."

"Na ningeyauza!" Anti akacheka, akampa ndizi mbili za bure.

Sikumwambia siku hiyo. Kila nilipofungua mdomo jikoni, alinitangulia kwa neno la kitabu. Alikuwa amepanga jambo na mchungaji. Sherehe ya mavuno ilikuwa inakaribia, na Anti alitaka kitabu kizinduliwe siku hiyo, kanisa zima likiwepo. Alikuwa ameshanunua kitenge cha maua ya njano na kumpelekea fundi atushonee nguo za sare, yake na yangu. Fundi alipokuwa akinipima kiuno, Anti alisimama mlangoni akinitazama, akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe, "Mama yako angekuona." Baada ya hapo ningeanzaje?

Siku ya mavuno kanisa lilijaa mpaka uani. Mbele ya madhabahu paliwekwa mikungu ya ndizi, miwa, maboga, mayai kwenye trei, kuku waliofungwa miguu, na katikati yao kitabu changu juu ya kitambaa cheupe. Ibada ilipokwisha tukatoka nje kwa mnada, kama kawaida. Kwetu mnada wa kanisa si biashara hasa. Kila mtu huleta alichovuna, kinapigwa bei kwa manufaa ya kanisa, na anayekinunua mara nyingi hakipeleki kwake, humpa mtu mwingine mbele ya watu: mjane, mgeni, mchungaji, au adui wa juzi ambaye anataka kupatana naye. Mnadi wetu ni Mzee Zephaniah, fundi wa baiskeli, ambaye Mungu alimpa sauti na kanisa likamwongezea maikrofoni.

"Kuku huyu ni mlokole!" alikuwa akipaza. "Hatagi Jumapili! Nani anamtaka dada huyu?"

Nilisimama nyuma ya akina mama, kitenge changu kikinibana kwapani. Nilikuwa natazama njia ya kushukia bondeni. Lakini ukivaa nguo ya sare na mtu huwezi kupotea, kila aliyemwona Anti alikuwa ananitafuta mimi.

"Na sasa," Zephaniah akasema, "kitu ambacho hakiliwi. Ingawa mbuzi wa jirani yetu Mukonyo akikipata hatatuuliza." Watu wakacheka. Akainua kitabu. "Lakini hatununui mbuzi kwenye gunia. Mwenyewe aje atusomee kidogo tuonje."

Anti alinishika mkono akanivuta mbele. Mkono wake ulikuwa na jasho. Nilielewa kwamba yeye pia aliogopa, kwa ajili yangu.

Nilikuwa nimechagua ukurasa usio na madhara, hadithi ya nyani waliovamia harusi na kubeba chapati. Sauti yangu ilitoka ndogo. Zephaniah akasogeza maikrofoni, na ghafla sauti ikawa kubwa, ikawa inatoka kwenye spika iliyofungwa juu ya mti, kana kwamba si yangu. Nikafika pale nyani dume anapokaa kwenye kiti cha bwana harusi. Watu wakacheka. Nikangoja wamalize, maana nilijua kinachofuata ni kizuri zaidi, kisha nikakisoma, wakacheka tena, na mchungaji akavua miwani akajifuta macho. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jambo hilo lina utamu hivyo. Nilimaliza ukurasa nikitamani uwe mrefu.

Mnada ukaanza. Milka akataja bei, mwalimu wa kwaya akampita, Milka akarudi, na kila mara Anti aliruka juu yao wote, hata alipokuwa anajipita mwenyewe. "Mama, hakuna aliyekufuata!" Zephaniah akamwambia. "Unashindana na kivuli chako!"

"Niache! Ni kitabu cha mtoto wangu!"

Akakipata. Watu wakapiga makofi na vigelegele.

"Haya Mama Mark, umenunua. Unampa nani?"

Nilidhani atampa mchungaji. Lakini Anti akageuka upande walikokaa watoto, wamepangwa kwenye nyasi na nguo zao za kwaya.

"Nawapa watoto wa Sande skuli," akasema, na Zephaniah akamwekea maikrofoni mdomoni ingawa hakuihitaji. "Wasomewe chote, ukurasa kwa ukurasa, kila Jumapili. Nataka mjifunze, wanangu. Mnamwona huyu dada yenu? Huyu alikataa shule. Alikuwa na kichwa cha jiwe. Alinitesa mpaka naibu wa chifu akaja kwangu. Mungu amemhurumia, lakini nyinyi msimjaribu Mungu. Msikatae shule kama huyu!"

Watoto wakacheka. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, meno ya mbele hana, akaninyooshea kidole. "Kichwa cha jiwe!" akasema, na wenzake wakalidaka neno hilo wakalifanya wimbo. Zephaniah akawanyamazisha huku mwenyewe akicheka.

Chote, alikuwa amesema. Ukurasa kwa ukurasa. Wangefika katikati ya kitabu kabla ya Pasaka, na siku hiyo Anti angekuwa amekaa benchi la mbele, kama anavyokaa kila Jumapili, akisikiliza.

"Si ndiyo, Wakesho?" akauliza.

Zephaniah akaniletea maikrofoni nijibu. Yule kuku mlokole alikuwa akilalamika kwapani mwa aliyemnunua. Milka alikuwa anaangalia viatu vyake. Anti alinitazama akitabasamu, jasho likimchuruzika hadi kwenye kola ya kitenge chetu, na uso wake wote ulikuwa furaha tupu. Neno lenyewe ni fupi. Nilikuwa nalo tayari kwenye ulimi, ulimi ulishalizoea.

"Anti," nikasema. Spika ikalipeleka mpaka barabarani.

"Sema, mwanangu. Usiogope."

"Hapana, Anti. Sikukataa shule. Uliniambia nivue yunifomu nimkalie Nyanya, nikavua. Naibu wa chifu alipokuja nilikuogopea wewe, ndiyo maana nikasema ndiyo. Nilitaka kurudi shule. Kila siku nilitaka kurudi, na nilikuwa nangoja uniulize."